Nyota Yenye Mkia Ndani ya Karai

Kila asubuhi Mideva alichota maji, akafagia uwanja, ndipo akashika njia ya shule pale Kakamega pamoja na mdogo wake, Cleophas. Alikuwa msichana mwerevu, ila alipenda mno kuonekana anajua kila kitu.

Ulikuwa mwezi wa Oktoba, na Uhuru haujatimiza miaka miwili. Redio zilitangaza habari za nyota yenye mkia. Mwalimu Hezekiah akaeleza darasani, "Nyota hii hulizunguka jua kwa njia ndefu kama yai lililobinywa. Ikiwa mbali, hujikokota. Wiki hii inafika mahali pa karibu kabisa na jua, na hapo hukimbia kama ndama aliyekata kamba. Kisha itarudi zake mbali."

Mideva alisikia hayo tu. Mwalimu alipoendelea, yeye alikuwa ameinama chini ya dawati akitafuna muwa.

Jumamosi adhuhuri, akajaza maji kwenye karai.

"Cleophas, njoo! Nyota iko ubavuni mwa jua. Litazame ndani ya maji, halitakuumiza. Wazee walitazamanga hivyo jua likipatwa."

"Mwalimu amesema?"

"Amesema," Mideva alijibu bila kupepesa.

"Sioni kitu."

"Kaza macho! Wewe unachokanga upesi."

Mideva mwenyewe alichungulia mara moja, mwanga ukamchoma, akageuka. Hakumwambia mdogo wake.

Jioni Cleophas alipapasa bakuli la mboga. "Mama, katikati ya kila kitu kuna doa jeusi. Uso wako siuoni."

"Uwii, mwanangu! Ni vumbi hilo. Ngoja nikukamulie majani machoni."

Mideva alirudisha donge la obusuma, ugali wa kwao, kwenye sahani. Akisema, ataaibika. Akinyamaza, maji makali ya majani yale yataingia machoni mwa ndugu yake. Mama alipoinua kitambaa chenye majani yaliyopondwa, Mideva akapiga kelele, "Mama, usimtie! Si vumbi, ni mimi. Nilimtazamisha jua, nikasema mwalimu ndiye aliyesema."

Mama hakumpiga. Aliweka kitambaa chini, akamtazama tu. Heri angempiga.

Hospitalini daktari alisema jua lilikuwa limemchoma Cleophas ndani ya macho, na majani yangemharibu zaidi. Apumzike, wangoje.

Jumatatu Mwalimu Hezekiah, aliyekwisha kuelezwa na mama, alimwuliza Mideva, "Nilimalizia kwa kusema nini?"

"Sikusikia, mwalimu. Nilikuwa nakula muwa."

"Nilisema msiitafute mchana, hata majini. Ikishalipita jua, itaonekana alfajiri, kabla jua halijachomoza."

Kweli, siku chache baadaye, alfajiri, mkia ulisimama upande wa mashariki kama ufagio mweupe. Majirani wote walitoka nje.

"Naiona!" Cleophas akasema. "Lakini nikiielekea inapotea. Lazima nitazame kando."

Mideva akajifunika uso kwa leso, akalia.

Mahindi mapya yalipochipua, doa lilikuwa limefifia hata Cleophas akasoma tena ubaoni. Siku hiyo mama alimwita Mideva jikoni.

"Mwanangu, kusema 'sijui' si aibu. Aibu ni kumpa mwenzako neno nusu, ukaapa ni zima. Wewe ulitafuna muwa, macho yakaungua ya mwingine. Safari hii Mungu ametuhurumia. Usimjaribu tena."

"Ndiyo, mama," Mideva akajibu, macho chini.