Bawa Lililokataa Kuanguka

"Washa," alisema Tony.

Werema akabonyeza kitufe cha mtambo wa kuvuruga mawimbi. Juu yao droni ikayumba, ikainua pua juu, juu zaidi, mpaka tumbo lake likaonekana lote. Na bomu lililofungwa hapo.

Droni yoyote ikiinua pua kiasi hicho huanguka.

Hii haikuanguka.

Walikuwa wameifuata tangu ufuo wa Sori kwa boti ya wavuvi yenye injini ya Yamaha, nyavu zimerundikwa ndani ili majasusi wawili wasitiliwe shaka. Droni ilikuwa ikielekea mji wa Sindo. Huko, wajumbe wa nchi tatu walikuwa wameketi chini ya mahema wakizungumzia mipaka ya ziwa. Kuna watu ng'ambo waliotaka mazungumzo hayo yafe.

Pamoja na wajumbe.

Redio ya Motorola ikakwaruza.

"Homa Bay hapa. Imeanguka?" Ilikuwa sauti ya Lynnet, mhandisi aliyebuni bawa la droni hiyo kabla ya michoro yake kuibwa karakanani.

"Bado iko juu," alisema Tony.

Lynnet akaongeza jambo kwa Dholuo. Tony akajibu kwa Dholuo, polepole, akitabasamu. Werema, Mkuria wa Isebania, hakuambulia neno. Aliishi na Lynnet miaka mitatu na hakujifunza lugha yake. Tony alizaliwa nayo. Sasa Tony ndiye aliyemvisha pete.

"Ongeeni Kiswahili. Tuko kazini."



"Ukingo wa mbele wa bawa umepindapinda," Lynnet alisema, sauti imekuwa kavu. "Vilima na mabonde. Bawa la kawaida likiinuka sana, hewa inabanduka mgongoni mwake kwa mpigo mmoja. Linaanguka. Hili hewa inabanduka nyuma ya mabonde kwanza. Nyuma ya vilima inazunguka, inang'ang'ania. Nguvu inapungua, lakini haiishi."

Werema alikuwa ameyasikia hayo zamani, mezani kwake, Lynnet akichonga bawa la kwanza kwa kisu cha jikoni. Siku hiyo yeye alikuwa akitazama simu. Tony, bila shaka, alipoelezwa yeye aliuliza maswali.

"Inaangushwaje?" aliuliza Werema.

"Usingoje ianguke. Lakini ikiinua pua hivyo haina mwendo. Mnaweza kuifikia."

Sauti nyingine ikaingia. Madam Bonareri, mkuu wao, kutoka Migori.

"Anayeiongoza tumempata. Nyumba ya mabati mekundu, Kisegi, karibu na ufuo. Mawimbi yakimrudia, atalipua. Mmoja ashuke, mwingine abaki chini ya droni aikamate. Werema, amua wewe."

Ufuo wa Kisegi ulikuwa hapo hapo. Werema akamtazama Tony. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Baki.

"Werema." Lynnet tena. "Tafadhali. Usimwache Tony chini ya hiyo kitu."

Hakusema lolote juu ya Werema.

"Usimsikize," alisema Tony. "Nitabaki mimi."

Hilo lilimuudhi zaidi. Angalau mtu huyu angekuwa mwoga.

"Shuka."

Haukuwa wema. Alifikiria Lynnet akimlilia Tony maisha yake yote, picha ya Tony ukutani, na hakuna mwanamume aliye hai wa kushindana nayo.

Tony akaruka, maji kiunoni, bastola ya Glock juu ya kichwa, akakimbilia nyumba.

Werema akapunguza mafuta. Droni ilining'inia mbele yake, pua juu, ikisonga kama mtu mwenye usingizi. Akavuta kimia kutoka kwenye rundo la nyavu, akakirusha.

Kikapita pembeni.

Taa ya mtambo ikaanza kufifia. Betri. Pua ya droni ikashuka kidogo. Mtu wa Kisegi alikuwa ameanza kuishika tena.

Werema akasimama kwenye ukingo wa boti na kurusha mara ya pili, kwa mwili wote.

Kimia kikafunika vilima na mabonde ya bawa. Droni ikashuka kwa uzito wake, ikatua kifuani mwake na kumwangusha chali. Akakata mkanda wa bomu, akang'oa betri yake.

Taa ya mtambo ikazima.

Risasi moja ikalia Kisegi.

"Werema? Nimesikia risasi," alisema Lynnet redioni. "Tony yuko wapi?"

Ufuoni, mlango wa mabati ukafunguka. Mgeni mmoja akatoka, mikono nyuma, imefungwa pingu. Nyuma yake Tony, mzima.

Werema alishika redio mdomoni. Kwa mara ya kwanza tangu waachane, Lynnet alikuwa akiingoja sauti yake. Akamwacha aingoje.

"Werema, nijibu."

"Yuko salama," alisema. "Anakuja na mtu wake."

Alimsikia akilia. Akazima redio.

Alipofunga boti ufuoni, Tony alikuja kumsaidia kushusha droni.

"Lynnet atataka kukushukuru."

"Mwambie bawa lake ni zuri."

"Mwambie mwenyewe. Njoo nyumbani Jumapili, ule nasi."

Werema akamtazama, akitafuta kejeli usoni mwake. Hakuona. Ingekuwepo, ingemsaidia.

"Nina kazi Jumapili," alisema.

Akavaa miwani yake ya jua, akakung'uta magamba ya samaki kwenye shati, akapanda kuelekea soko la Kisegi bila kugeuka.