Usiniite Mama Ndindi

Mkono ule ulikuwa baridi, na Kavinya alidhani ni kwa sababu ya aiskrimu. Alikuwa ameushika tangu pale kwenye mti mkubwa wa taa, katikati ya jiji, akiuvuta kwenye msongamano wa watu waliokuja kutazama mapambo ya Krismasi, huku akimkemea mwenye mkono asikanyage watu. Walipokaribia steji ya matatu ndipo alipoinua macho akamwona Kisilu, mumewe, yuko mbele, na juu ya mabega yake amekaa Kate, binti yao, anashangaa taa mdomo wazi.

Sasa huyu aliyeshikwa mkono ni nani? Mwingine angepiga mayowe. Kavinya hakutazama chini. Aliubana mkono ule zaidi, akaendelea kutembea.

Msimlaumu upesi. Kabla ya Kate alikuwepo Ndindi, kifungua mimba, aliyechukuliwa na homa ya mapafu. Baada ya mazishi, Kisilu aliwaomba majirani wa ploti yao ya wapangaji mtaani Umoja waache kumwita mkewe Mama Ndindi. Sasa awe Mama Kate, kidonda kipone. Majirani wakatii, eti kwa huruma. Huruma gani hiyo, jameni? Walimzika mtoto mara ya pili, na safari hii mamake hakupewa hata nafasi ya kulia. Ndindi alikuwa akimwita Mama. Kate ndiye humwita Mami. Lakini Mama Ndindi, jina lake la kwanza la uzazi, Kavinya hakulisikia tena kinywani mwa mtu.

Mpaka jioni ile chini ya mti. Sauti ya mwanamke ilitoka nyuma yake: "Mama Ndindi, umemsahau mtoto." Furaha ikamtangulia akili, akageuka na kuitika, "Abee." Hakuona uso wowote anaoujua. Aliusikia tu mkono mdogo ukiingia katika wake, na haukumwachia hadi mlangoni kwao, ulipojitoa kidole kimoja baada ya kingine.

Kesho yake mchana, jua likiwaka, nyumba ilianza kunuka dawa ya kupaka kifuani, ile inayochoma pua, aliyokuwa akipakwa Ndindi. Kopo lake lilitupwa zamani. Halafu zikaja ndala kwenye ngazi, pla, pla, pla, zikasimama mlangoni. Ukifungua, hakuna mtu. Kisilu alisema ni watoto wa majirani. Kavinya alinyamaza, na hapa ndipo alipokosea kabisa, kwa maana alikuwa akingoja mumewe aende kazini, kisha yeye afunge madirisha, aketi katika harufu ile amefumba macho, afurahi.

Kisha Kate akaanza kukohoa. Akikohoa yeye, ukutani kando ya kitanda chake kunakohoa pia, kwa chini, mara tu baada yake, na siku zilivyosonga kile kikohozi cha ukutani kikawa kinatangulia na mtoto ndiye anafuata, akikonda, macho yakizama, chakula kikimshinda, hospitali haioni kitu, mchungaji anaomba hadi jasho linamtoka na harufu inazidi tu kushika mapazia, hadi adhuhuri moja Kate akamvuta mamake nguo na kumnong'oneza sikioni.

"Mami, huyo mtoto anasema hapa ni pake. Anasema nitoke."

Hapo ndipo furaha ilipomkauka Kavinya. Alimpoteza mmoja, na sasa alikuwa akimtoa wa pili kwa mkono wake mwenyewe.

Shamso, jirani wa chini anayeuza maziwa ya mbuzi, ndiye aliyemleta kaka yake Abdifatah, mfanyabiashara wa mbuzi wa soko la Kiamaiko anayejulikana kwa kuwasomea Kurani watu wenye majini. Kisilu, mzee mzima wa kanisa, alimeza mate akafungua mlango. Abdifatah alisoma juu ya maji, akanyunyiza pembe zote, kisha akauliza ni nani aliyekiitikia kitu hiki. Kavinya akasema yote, na Kisilu akainamisha kichwa.

"Hilo si mtoto wako," Abdifatah akamwambia polepole. "Ni jini, na halina jina. Limevaa jina ulilolipatia. Likane jina hilo, litakosa pa kukaa. Na likilia nje, usifungue."

Kavinya akampakata Kate, aliyekuwa akiwaka homa, macho yamefumbwa. Maneno yalimtoka kwa uchungu kuliko siku ya kaburi.

"Mimi si Mama Ndindi. Sina mtoto anayeitwa Ndindi. Sikumzaa."

Ndala zikatoka mbio chumbani, zikapita katikati yao bila miguu kuonekana, na mlango ukajifunga. Kisha kukawa na mkono mdogo unaogonga kwa nje na kilio cha mtoto aliyepigwa na hofu.

"Mami, nifungulie. Mami, ni mimi."

Kisilu aliinuka, Abdifatah akamkalisha. Kavinya aliziba masikio. Kilio kikashuka ngazi, kikapita mlango wa Shamso, kikapotelea barabarani. Harufu ikakatika, na homa ya mtoto mapajani ikashuka papo hapo. Kisilu alisema ni maombi ya kanisa yaliyofanya kazi, Shamso akasema ni kisomo cha kaka yake, wakacheka pamoja.

Asubuhi ya Krismasi mtoto aliamka mzima, bila kikohozi, akaketi mezani. Kavinya akammiminia chai, akamkatia chapati, machozi ya shukrani yakimlenga. Mtoto akanyoosha mkono kupokea kikombe. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Asante, Mama Kate," akasema.

Kavinya alisimama pale, akiisikia tena ile "Mami" ya nje ya mlango, mpaka chai ikamwagika. Kisha akakimbia mlangoni, akaufungua kwa nguvu, akaita kwenye ngazi tupu kwa sauti iliyowatoa majirani wote nje: "Kate!"

Nyuma yake, mezani, mtoto akaitika, "Abee."