Spika za Marehemu

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa kompyuta. Mjane wa kaka yake alimletea laptop ya marehemu, akakaa kusubiri kwenye benchi la nje.

"Shemeji, iwekee macOS, mwanao aitumie chuoni."

"Huo ni mfumo wa kompyuta za Apple, na hii si ya Apple," fundi akafoka. "Itanisumbua kama mwenyewe alivyonisumbua." Kaka mtu alikufa wakiwa hawasemeshani.

Akauweka hivyo hivyo. Skrini ikakubali, kibodi ikakubali, sauti ikagoma. Akajaribu driva, zile programu za kuendesha sauti, moja baada ya nyingine, kimya. Kwa hasira akachomoa chaja, akafungua mashine, akatoa betri, kisha akang'oa spika ili asome namba zake. Hapo umeme ukakatika, na karakana isiyo na dirisha ikawa giza totoro.

"Hata kaburini bado unanikomoa!" akasema.

Pale mezani, ndani ya ile laptop, mtu akakohoa kikohozi kikavu, akasafisha koo, kama kaka yake alivyozoea kufanya kabla ya kumwita mkewe.

Fundi akakaza kiganja. Spika zote mbili alikuwa amezishika.

Na kule nje, kwenye benchi, shemeji yake akaitika kwa upole: "Abee, mume wangu."