Sala Isiyokuwa na Mataji

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, duka la soseji la Milwaukee Avenue lilifurika watu mpaka nje kwenye theluji chafu. Kazimir Wolak, Kaz kwa wanaomjua, mpiga kinanda wa parokia, alikuwa kwenye foleni, skafu nyekundu shingoni na mkate wa mama yake kwapani. Mara mtu mmoja mrefu, koti lake limepungua kifungo, akamkanyaga.

"Samahani sana. Nilikuwa nasoma."

"Kwenye foleni ya soseji?"

"Foleni ndefu, kitabu kifupi."

"Basi nisomee na mimi. Vidole vyangu vya mguu vimeshalipa kiingilio."

Yule mtu alicheka hadi akina mama wenye vilemba wakageuka. Aliitwa Warren Tolliver, mwanahistoria wa chuo kikuu. Kaz alipomuuliza anachunguza nini, alijibu kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya kabichi: "Wakristo wa zama za kati. Hasa wanaume waliopendana, na Kanisa liliwaambia nini."

Masikio ya Kaz yaliwaka moto. Tangu ujana wake alikuwa amepiga kinanda kwenye harusi za watu, na lake la moyoni amelifungia.

Hawakuachana tena. Kaz akimaliza misa, anapiga simu.

"Profesa, umekula?"

"Nimekula vumbi."

"La karne gani?"

"Ya kumi na mbili. Halina chumvi, mpenzi. Njoo na supu."

Kitabu cha Warren kilipotoka, kilieleza habari za sala moja katika mswada wa Kigiriki. Padri aliwasomea wanaume wawili sala hiyo, wameshikana mikono mbele ya altare, kisha akawavika mataji kama bwana na bibi harusi. Kaz alikichukua kitabu akampelekea mama yake, Bronisława, aliyekuwa mgonjwa wa mapafu na ambaye kwa miaka mingi hakutaka kusikia kwamba mwanawe anapenda wanaume.

"Rudia hapo," mama alisema. "Aliwavika mataji? Padri mwenyewe?"

"Padri mwenyewe, mama."

Mama alivuta pumzi kwa taabu, macho yake yakiwa kwenye picha ya Bikira Maria. "Kama Kanisa lilibariki, mimi ni nani? Mlete Jumapili. Na ashone kile kifungo, nimemwona dirishani, anatia aibu."

Jumapili hiyo mama alimpakulia Warren supu ya kiazi chekundu na kumwita mwanangu. Kaz alikimbilia jikoni akafungulia maji, asisikike akilia.

Majira ya kupukutika majani, Warren alirudi kutoka safari ya kuukagua mswada ule kwa mara nyingine. Uso ulikuwa umemshuka.

"Kaz, nilikosea. Ukurasa wa mataji si wa sala ile. Ni wa harusi ya kawaida. Aliyezishona kurasa za mswada aliuweka pasipo pake."

"Na sala yenyewe?"

"Sala ipo. Inawafanya kuwa ndugu. Haisemi zaidi."

Kaz aliketi kitandani. "Usimwambie mtu. Mama hafiki Krismasi, daktari ameshatuambia. Mwache aende na mataji yake."

"Sitaandika neno," Warren alisema, akambusu kisogoni. "Naapa."

Naye hakuandika. Lakini kwenye mhadhara wake, ukumbi umejaa na Kaz yupo safu ya nyuma, mtaalamu mmoja mzee alisimama, akauliza waziwazi: je, profesa bado anashikilia kwamba ukurasa ule ni wa sala ile? Warren aliangaza macho mpaka akamwona Kaz. Kaz akatikisa kichwa polepole, kumkataza.

"Hapana," Warren alisema. "Nilikosea."

Habari zina miguu. Padri wa parokia ndiye aliyezifikisha kwa mama, siku alipomletea komunyo.

"Ulinidanganya," mama alimwambia Kaz.

"Sikujua, mama. Na yeye hakujua, wakati ule."

"Nimemwita mwanangu." Akageukia ukutani.

Kaz alimsihi, akamlisha, akamwosha, hakupata neno. Simu ya Warren ililia kila siku, akaiacha ilie. Siku chache kabla ya kufa, mama aliongea, si na Kaz bali na padri: siku ya mazishi yake, kinanda apige mtu mwingine.

Basi Kaz aliketi kwenye benchi na waombolezaji, mikono mapajani, akimsikiliza mgeni akikosea noti.

Walipotoka, Warren alikuwa kwenye kituo cha basi, amelowa manyunyu.

"Ungenyamaza ungekufa?" Kaz aliuliza.

"Aliniuliza mbele ya watu wote. Wafu wale wamesingiziwa vya kutosha, Kaz. Nisingeweza kuwaongezea na uongo wangu."

"Na mama yangu? Si maiti na yeye?"

Warren alinyoosha mkono, na Kaz, ambaye alikuwa amejiapiza kutomgusa, akajikuta kifuani pake, wakakumbatiana pale pale, magari yakipita, mpaka pumzi zao zikawa moja.

"Wale wawili wa kwenye sala," Kaz alinong'ona. "Walipendana?"

"Sijui."

"Nidanganye. Mara moja tu, halafu nitarudi nyumbani nawe."

Warren alifumbua kinywa. Kaz aliiona midomo yake ikihangaika, akaona kwamba mtu huyu anajaribu kweli, anajaribu kwa nguvu zake zote.

"Hakuna anayeweza kujua, mpenzi wangu."

Kaz alimfuta mvua usoni kwa kiganja. "Hicho ndicho nilichokupendea," alisema. "Na ndicho siwezi kuishi nacho."

Basi likaja. Alipanda, akaketi upande usioelekea kituo, maana kama angemwona hata mara moja tu, angeshuka.