Nilivuta, Nikasema, Wakaninyima Mlango wa Dhahabu

Sikuwa na viatu. Sikuwa na cheti, wala mjomba ofisini. Sikuwa na nyumba ya kumweka mke wangu Scolastika, aliyebaki kwa wazazi wake Mhunze.

Na asubuhi ile ya mwaka 1952, nikagundua sina hata rafiki...

"Huyu Jilala ni mvuta bangi," Ignas alisema mbele ya watu wote. "Muulizeni."

Ignas! Mtu niliyelala naye chumba kimoja kambini!

Ndugu msomaji, tulikuwa kwenye mgodi wa dhahabu, upande wa Geita. Alitakiwa mlinzi wa chumba cha dhahabu, na kati ya walioomba tulikuwa tumebaki wawili, mimi na Ignas. Mlinzi hupewa nyumba ya bati akaishi na mkewe. Sharti lake, asiwe mtu wa bangi wala wa pombe ya moshi.

Nyapara Stanslaus akanigeukia.

"Ni kweli?"

"Nilivuta, baba. Kwetu kundi la kulima likiingia shambani, kiko kinazunguka kwanza, ndipo majembe. Niliacha nilipooa."

Watu wakacheka.

"Na wewe, Ignas?"

"Mimi? Hata harufu yake siijui."

Kule nyumbani kundi letu lilikuwa moja, kiko kimoja. Na yeye alikuwa bado anavuta. Sikumchongea. Niliulizwa yangu, nikajibu yangu.

Ignas akapewa mlango. Mimi nikarudi shimoni kusukuma mawe, kichwa juu.

Masika hayajaisha, askari wakamtoa Ignas na pingu. Alipofika nilipo, akasimama.

"Mwana wa kwetu, nimekwisha. Marselino, yule anayeniuzia bangi, aliniambia nifumbe jicho apitishe dhahabu. Nikikataa, anamwambia Bwana Mkubwa wa mgodi kwamba navuta. Nikafumba."

"Ungemwambia aende akaseme."

"Hayo ungeyaweza wewe. Wewe ulishasema mwenyewe. Angekutisha kwa lipi?"

Wakamsukuma, wakaenda naye.

Jioni Stanslaus akaja chumbani kwangu kambini na karatasi na bahasha. Sauti laini kama asali...

"Bwana Mkubwa anakutaka mlangoni. Andika tu kwamba hujavuta maisha yako yote."

"Si nilisema mbele yako, baba?"

"Nimesahau. Na wewe sahau."

"Halafu utanikumbusha lini? Siku utakayotaka nifumbe jicho?"

Nilisema kwa utani. Lakini Stanslaus hakucheka. Aliangalia mlango, akaurudisha polepole.

"Marselino hakukosea aliponionya juu yako," akasema. "Una mdomo."

Kumbe wezi walikuwa wawili, na mmoja ndiye aliyekuwa akichagua walinzi!

"Jilala, utaikosa nyumba. Mkeo atazeekea kwa baba yake."

"Mke wangu ndiye aliyekivunja kile kiko. Nyumba ya uongo hataingia."

Wajukuu zangu mnaosoma, shikeni hili: bangi niliiacha, ikaisha. Uongo wa Ignas haukuisha, ulimzalia bwana wa kumwamrisha.

Nikavuta karatasi. Darasa la jioni lilinifundisha kuandika, na siku ile niliandika herufi zilizosimama wima:

"Bwana Mkubwa, nilivuta bangi, nikaacha. Nyapara wako anataka niandike kwamba sikuvuta. Muulize sababu, na umuulize mbele ya Marselino."

Stanslaus akanyoosha mkono. "Nipe, nitaifikisha."

"Hii ina miguu yake."

Nikalamba bahasha, nikaifunga akiniangalia, nikaenda nayo hadi kwa dereva wa gari la barua anayempelekea Bwana Mkubwa barua zake, nikamkabidhi mkononi.