Akullo Anatafuta Wajina

Basi lilipoondoka Tororo, Asio alikuwa amekaa peke yake na mtoto wake wa wiki mbili. Walipofika usawa wa vilima vya Osukuru, palikuwa na mama ameketi kando yake, na Asio hakukumbuka basi kusimama. Hilo tu lingetosha kumhamisha kiti. Lakini mzazi aliyekesha siku kumi na nne hana nguvu za kuhesabu vituo, na mama yule alikuwa na sura ya mtu wa kanisani, kitambaa safi kichwani. Alinukia udongo ulionyeshewa. Ni harufu nzuri, ukweli usemwe.

"Yoga, binti yangu," mama alimsalimu. "Wewe nakwenda wapi?"

"Busia, kwa mama mkwe. Kesho mtoto anapewa jina."

"Kumbe hii toto bado haina jina?"

"Bado, mama. Kwetu hiyo ni kazi ya nyanya yake."

Mama akacheka polepole. Akasema yeye ni Akullo, hakujaliwa kuzaa, na duniani hana wajina hata mmoja. Asio alimwonea huruma. Kwa hiyo alipoomba kumpakata mtoto kidogo, alimpa.

Akullo akalowesha kidole kwa mate, akakitia kinywani mwa mtoto, akamwinamia na kunong'ona neno moja. Mtoto akanyonya. Asio aliyaona yote hayo kwa macho yake, akadhani ni mapenzi tu ya mtu aliyekosa watoto. Usingizi ukamchukua. Alipozinduka walikuwa Busia, kiti cha pili kitupu, mtoto mapajani, ubaridi umemwingia.

Tangu hapo mtoto alikataa titi. Hakulia pia. Alilala macho wazi, akitazama mlango. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Kuhusu mwana asiyelia hawakutuachia neno.

Asubuhi mama mkwe, Provia, akaketi mkekani na kibuyu cha malwa, pombe ya wimbi. Kwa Wateso ndivyo jina linavyotolewa: nyanya huchovya kidole katika pombe, hukitia kinywani mwa mtoto na kutaja jina la marehemu wa ukoo, mtoto akinyonya, amelikubali. Provia alitaja jina la mama yake, na mtoto akabana midomo. Akataja la shangazi, la dada, akafika tisa, na kwa kila jina midomo ile ilizidi kubana, huku harufu ya udongo mbichi ikijaa chumbani ingawa nje jua lilikuwa kali na mvua haikuwa imeonekana mwezi mzima.

Provia akaweka kibuyu chini. "Asio," alinong'ona, "nani ingine iliweka kidole kwa mdomo ya mtoto?"

Asio akamweleza habari za basi. "Alisema yeye anaitwa..."

"Usitaje!" Provia alimziba mdomo. "Mwanamke ikikufa bila mtu ya kubeba jina yake, haipumziki. Inakaa kwa barabara, inatafuta. Sasa inangoja wewe, mama ya mtoto. Ukiita hiyo jina, umempa mtoto yako. Natuma bodaboda mpaka kijiji ya Lunyo, ilete mganga Imalingat. Ngoja yeye, mwanangu. Nakuomba."

Asio akangoja. Akangoja matiti yakimuuma na maziwa yakilowesha gauni, akiona utosi wa mtoto unabonyea na pumzi zake zinakuwa fupi, akisikia kwenye kona isiyo na mtu pumzi nyingine, ndefu, tulivu, za mtu asiye na haraka, na kila alipomwomba Mungu alijikuta ulimi umeshika jina lile lile, mpaka saa saba, Provia alipotoka kwenda barabarani kutazama kama bodaboda inakuja, na Asio akabaki na kifua kidogo ambacho hakikuwa kikiinuka tena.

"Akullo," akasema.

Mtoto akageuka, akalidaka titi, akanyonya kwa pupa. Asio akalia kwa furaha. Alifurahi kweli, tusimlaumu. Nani angekaa kimya?

Provia akarudi mbio. "Asio, kuna mama amepita hapo njiani, amebeba mtoto, inalia vibaya sana..." Akamwona aliye mapajani, akarudi nyuma hatua moja.

Asio alikuwa amekwisha kukisikia kilio hicho. Maziwa ya titi la pili yalichuruzika yenyewe kukiitikia, nacho kilikuwa kikienda mbali, upande wa Tororo. Akajaribu kuinuka akifuate. Aliyekuwa akinyonya akakaza fizi, hakumwachia.