Zimwi la Mchumba Wangu Lilikuwa na Shingo ya Bibi

Nina miaka ishirini na nane, sijaolewa, na kazi yangu ni kutoa kopi na kuchapa barua za watu katika duka la steshenari pale Iyunga, Mbeya. Jina langu naomba mlisitiri. Naandika haya nikiwa na kinyaa ambacho mpaka leo hakijanitoka kooni... Kama wewe ni mpenzi wa ile michezo ya mazimwi na mashujaa, usifunge ukurasa. Na kama huijui, baki vilevile, maana hata mimi nilidhani hainihusu!

Nimelelewa na bibi yangu mzaa mama, Bibi Salome, huko mlimani juu ya mji, kwenye mashamba ya viazi na pareto. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya. Bibi ana rovu, ule uvimbe wa shingo walio nao wazee wengi wa kwetu. Wake ni mkubwa, unazidi ngumi ya mwanaume. Ndiyo maana shingoni hufunga kitambaa... awe kanisani, awe shambani, awe sokoni, hakitoki. Hukivua jioni tu, akishakaa jikoni kwake, mbele ya watu wake wa damu.

Mimi nimekua nikilala nimeegemea shingo ile. Watu wengine wangeona ugonjwa. Mimi niliona mto wangu!

Basi akatokea Erasto. Mwanaume wa Iringa, fundi seremala kule Mafinga kwenye karakana ya baba yake mdogo. Alikuja dukani kwetu kuchapa kadi za mchezo alioubuni mwenyewe. Mpole, anaongea taratibu, mikono yake inanukia mipaini. Alinionyesha vinyago vidogo alivyochonga kwa mabaki ya mbao: mwindaji, mganga, askari. Nikapenda vinyago, kisha nikampenda mchongaji. Ujinga wangu ulianzia hapo.

Mchezo wenyewe ni hivi. Mnakaa mezani, kila mmoja anachagua mhusika na kuwa yeye. Mmoja anaongoza hadithi, mkifika penye hatari mnarusha dadu, na dadu ndiyo inaamua. Erasto ndiye aliyekuwa mwongozaji. Kila Jumamosi mchana, aliposhuka na lori la mbao kuja Mbeya, tulikutana nyuma ya duka la rafiki yake Shabani, muuza vitenge wa Mwanjelwa. Vijana wa karakana waliokuja na lori nao walicheza. Mimi nilikuwa mwindaji mwenye upinde. Wiki nzima natoa kopi za vyeti vya watu, Jumamosi nageuka shujaa! Kwa nini nisifurahi?

Erasto alipotaka kunioa, nilimpandisha mlimani kumsalimia bibi kabla ya wazee wake kuja. Akaamkia shikamoo kwa heshima zote, bibi akaitikia marahaba mume wangu, akanigeukia na kuniambia mimi sasa ni mke mwenzake, nisimletee wivu. Tulicheka sana siku ile. Tukaingia jikoni kuota moto, tukachoma viazi.

Mara bibi akapeleka mkono shingoni, akafungua kitambaa, akakikunja na kukiweka mapajani. Nilishtuka. Hata mchungaji wake hajawahi kuiona shingo ile!

"Huyu si wa nyumbani sasa?" bibi akasema. "Nimfiche nini?"

Erasto alimtazama kwa upole. Akamuuliza uvimbe ulianza lini, kwa nini anaufunika, huwa anaufunua mbele ya nani. Bibi alimjibu yote, tena kwa furaha, maana hajazoea kuulizwa. Nami nilikaa pale nikijisifu moyoni kwamba nimepata mwanaume anayejali wazee. Kumbe alikuwa anachukua vipimo tu, kama anavyopima mbao!

Wazee wake wakaja, mahari ikapokelewa, tarehe ikapangwa.

Jumamosi moja akatutangazia kwamba mchezo umepata maadui wapya. Akatoa mfukoni kinyago kimoja, akakisimamisha katikati ya meza. Akaanza kusimulia kwa ile sauti yake ya taratibu...

Haya ni Mazimwi ya Mlimani, akasema. Yanaishi juu ya ukungu. Yananuka moshi. Yanakula viazi pamoja na majivu yake. Shingoni yana mfuko wa nyama, na humo ndimo yanamohifadhi uovu wao. Mfuko huo huufunika kwa kitambaa, na hukifungua mbele ya mtu yanayemwamini tu. Kwa hiyo ukikutana na zimwi, usipigane nalo. Jifanye ndugu. Likishakuamini litafungua lenyewe... hapo ndipo pa kupiga!

Vijana walishangilia. Akawafundisha kwamba zimwi likitokea wagonge meza wote na kuita, "Kitambaa! Kitambaa!" Wakagonga. Kinyago kikawa kinaruka mezani. Niliinama nikakitazama kwa karibu. Alikuwa amechonga mpaka fundo la kitambaa, upande wa kushoto, kama bibi anavyofunga!

Mwili ulinisisimka kwa kinyaa. Lakini sikupiga kelele. Nilikichukua kile kinyago nikasema kwa utulivu kwamba leo nimechoka kuwa mwindaji, nataka kuwa huyu.

"Haiwezekani, mpenzi," Erasto akasema. "Haya hayachezwi. Haya ni ya kuuawa."

"Si umwache acheze, bwana?" Shabani akadakia. "Zimwi nalo si lina mama yake? Itanoga!"

Erasto akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba mazimwi yamezaliwa maovu, ndivyo yalivyo. Ukiruhusu mtu alicheze zimwi, atataka lipate jina, lipate nyumba, lipate watoto. Wengine wataanza kulihurumia. Wakishalihurumia hawatalipiga, na mchezo utakuwa umekufa.

Ndugu msomaji, hebu nisaidie! Mtu akitengeneza kiumbe, halafu akakataza watu wasikihurumie, huyo anaogopa nini?

Nikamuuliza zimwi hili linaitwa nani. Akasema hayana majina. Nikamwambia hili linalo, linaitwa Salome.

Shabani alinitazama, kisha akamtazama rafiki yake. Na Erasto, mchumba wangu, aliyeota moto jikoni kwetu na kula viazi vyetu, akanijibu kwa sauti ya chini.

"Acha hizo bwana. Ni mchezo tu. Kwani bibi nani atamwambia?"

Hakukataa! Hakusema nimekosea! Nilitoka nje nikatapika kando ya tairi la lori lake.

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia. Lakini Erasto alilia. Alinifuata Iyunga akapiga magoti mlangoni, majirani wanaona. Alivichoma vinyago vyake vyote mbele yangu, kimoja kimoja. Na mama zangu wadogo walinishangaa. Kamati ya harusi imeshakaa, ukumbi umeshapatikana, wewe unataka kuvunja ndoa kwa ajili ya kinyago cha mbao? Nikajiona mtoto. Nikasamehe. Bibi sikumwambia chochote.

Nilisahau jambo moja. Mbao ziliungua, ila vijana hawakuungua. Waliendelea kucheza karakanani, kwenye lori, popote. Zimwi lilishaingia vichwani mwao.

Ikafika siku ya send-off yangu, sherehe ya kuniaga kwetu kabla ya harusi. Tuliifanya mchana ili wageni wa mlimani wawahi kurudi. Bibi alishonewa gauni jipya la kitenge, na kitambaa cha shingoni cha kitenge hichohicho. Alipendeza, jamani... alipendeza! Erasto aliketi karibu yangu pamoja na wazee wake, na wale vijana wa Mafinga walikuwa na meza yao karibu na jukwaa.

Mshereheshaji akaita bibi mzaa mama aje na zawadi. Muziki ukapigwa. Bibi akaja akicheza polepole, blanketi begani, anatabasamu kama msichana.

Ndipo nikasikia meza ikigongwa.

"Kitambaa! Kitambaa!"

Ni wale vijana! Wanagonga, wanachekeana pembeni. Mshereheshaji hakujua kitu. Akadhani ndiyo shangwe za ukweni, akalidaka neno, akalitia kwenye spika: kitambaa, kitambaa! Ukumbi mzima ukapokea. Shangazi zangu, wanakwaya, watoto... wote wanapiga makofi wakiita neno lile bila kujua wanachoita!

Nilimgeukia Erasto asimame awanyamazishe vijana wake. Alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nikadhani analia kwa aibu. Nikainama nimwone uso...

Alikuwa anacheka!

Niligeuka kumkimbilia bibi, nikachelewa. Alishasimama mbele ya wakwe zangu. Aliwaza nini pale? Nadhani aliwaza kwamba hawa sasa ni wa nyumbani, na wanamwomba asijifiche. Akapeleka mkono shingoni. Akafungua. Akakipunga kitambaa juu, anatabasamu, shingo iko wazi mbele ya ukumbi mzima.

"Piga!" kijana mmoja akapayuka, akafanya mkono kama anayerusha dadu. Meza yao ikaanguka kicheko.

Makofi yakakatika. Bibi akabaki na mkono juu. Akawatazama wale vijana, akatutazama sisi, mkono ukashuka taratibu.

Nilifika, nikamfunga kitambaa chake. Fundo likanishinda, akalimalizia mwenyewe. Kisha nikarudi kwa Erasto, nikavua pete, nikaiweka kwenye sahani yake katikati ya wali. Sikumtukana. Nilikuwa nimejaa kinyaa mpaka sikuwa na tusi la kumtosha. Harusi ikafia pale.

Shabani, aliyekuwa mmoja wa wageni, ndiye aliyetupandisha mlimani kwa gari lake. Njiani bibi akauliza walicheka nini. Sikuweza kumdanganya tena. Nilimweleza yote, kuanzia kile kinyago. Alisikiliza akitazama dirishani, kisha akauliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo kwenye mchezo wao, hapakuwepo mtu wa kunisemea?"

Nilimwambia nilitaka, Erasto akanikatalia. Akaitikia kwa kichwa.

Wasomaji wenzangu, mimi siwakatazi kucheza. Chezeni! Mazimwi ni matamu katika hadithi, najua. Lakini nawasihi, kila zimwi lipeni kiti mezani. Lichezwe, liwe na jina, liwe na njaa yake na mama yake, na mtu wa kulisemea. Likiua, liue kwa sababu limeamua, si kwa sababu limezaliwa na shingo fulani. Na ukimsikia mtu anasema viumbe hawa hawachezwi, hawa ni wa kuuawa tu, muulize kabla hujarusha dadu: hii sura umeitoa kwa nani? Mimi nilipouliza nilikuwa nimeshampandisha mpaka jikoni kwa bibi.

Na wewe dada uliye kwenye uchumba, ukiona jambo limekutapisha, usikubali kuambiwa ni mchezo tu. Tumbo langu lilijua kabla yangu. Nililinyamazisha, aliyelipa ni mzee wa watu.

Nasikia Erasto sasa anauza mchezo wake huko Iringa, na mazimwi yale yamo.

Bibi yupo, analima viazi vyake. Siku za mapumziko napanda kumwona, tunakaa jikoni kama zamani, mimi na yeye, moto unawaka. Anavua viatu, anavua koti, ananitania kwamba mume wetu ametukimbia sote wawili. Nacheka. Halafu anapeleka mkono shingoni... anakikaza kitambaa.